Kopo la Oili Likipiga Kelele: Lisikilizwe, Lisizibwe Mdomo



Katika magereji ya Gatsata, Kigali, na katika maegesho ya malori yatokayo Dar es Salaam na Mombasa, liko jambo moja linaloleta ubishi kila mara baina ya dereva, fundi na mwenye gari. Ni kopo dogo la bati au alumini linalofungwa kando ya injini ili kunasa oili itokayo katika mpira wa kupumulia. Kopo hilo halikuja na gari kutoka kiwandani. Limenunuliwa dukani, au limechomelewa na fundi. Likishafungwa, gari ambalo jana lilikuwa kimya leo linapiga mluzi, linagonga, au linahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia la maharage. Dereva anasema fundi amelifunga vibaya. Fundi anasema injini imechoka. Mwenye gari anasema wote wawili wanatafuta njia ya kumlia fedha zake.

Twaona yafaa jambo hili lielezwe kinagaubaga, maana nyuma ya kelele hiyo upo mshahara wa mtu, na pengine maisha yake.

KOPO HILI NI LA NINI?

Hakuna injini, hata iwe mpya, isiyopitisha gesi kidogo. Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, sehemu ndogo ya gesi hupenya kandoni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Gesi hizo zikikosa njia ya kutokea, husukuma sili na gasketi mpaka oili ivuje kila upande. Kwa hiyo injini hupewa mahali pa kupumulia. Zamani pumzi hiyo iliachwa itoke nje kwa bomba lililoelekezwa barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya jimbo la California huko Marekani kuona kwamba moshi huo unachafua hewa ya miji, watengenezaji wa magari walianza kuurudisha kwenye njia ya kuingizia hewa ili uchomwe tena. Ndivyo yalivyo magari mengi hadi leo.

Lakini pumzi hiyo hubeba matone madogo ya oili, nayo huganda ndani ya mabomba ya hewa na kuyachafua. Kopo huwekwa katikati ya njia. Pumzi huingia, hugonga vizuizi vilivyomo ndani, oili hudondoka chini, na hewa iliyopungua oili huendelea na safari yake. Hilo ni jambo jema, likifanywa ipasavyo.

Hapa Kigali kazi ya kopo hilo ni kubwa zaidi. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupungukiwa nguvu, na milima nayo haihurumii. Dereva hana budi kukanyaga. Injini ambayo ringi zake zimelika huanza kutapika oili kwa wingi mahali kama hapa, hata kama pwani ilionekana nzima.

KILA KELELE INA MANENO YAKE

Fundi mwema hasemi tu, "Kopo linapiga kelele." Huuliza: kelele ya namna gani, na wakati gani?

Kwanza, mluzi. Huu ni hewa inayopita mahali pembamba. Mara nyingi kifuniko cha kopo hakikukaza, mpira umepasuka, au klampu imelegea. Injini ikiwa inanguruma taratibu, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Penye povu panatoa hewa. Upande unaovutwa na injini hautatoa povu, ila ukiubana mpira kidogo kwa vidole mluzi utabadilika au utakoma. Angalia pia unene wa mpira. Mafundi wengine huunganisha mpira mwembamba kwa kuwa ndio uliopatikana dukani, na pumzi ya injini kubwa hulazimika kupita katika tundu la sindano.

Uko mluzi mwingine unaofanana na kilio cha paka, hasa katika injini za petroli. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kilio kikikoma papo hapo, jua kwamba ndani ya injini kuna mvuto uliopita kiasi, na sili ya krenkshafti ndiyo inayolia. Yamkini vali ya kupumulia imeharibika, au mipira ya kopo imeunganishwa kwenye mvuto mkali bila vali hiyo. Hapo kosa ni la ufungaji, na lirekebishwe kabla sili haijakwisha.

Pili, kugonga na kutetemeka. Hapa ni chuma kwa chuma. Kopo lisifungwe nusu kwenye injini na nusu kwenye bodi, kwa maana injini hutikisika na bodi hutikisika kwa namna yake. Lifungwe kwenye bodi, liwekewe mpira wa kuzuia mtikisiko, na mipira yake iachwe na nafasi ya kucheza. Vilevile litikise kopo likiwa mkononi. Kizuizi kilicholegea ndani husikika. Makopo ya bei rahisi mengine hujazwa nyuzi za chuma kama zile za kusugulia masufuria. Nyuzi hizo zikikatika huvutwa na kuingia katika injini, na hapo faida ya kopo imegeuka hasara.

Tatu, kububujika kama mtungi. Kopo limejaa. Asubuhi za baridi hujaa upesi, kwani mvuke wa maji nao hugeuka kuwa maji ndani yake, na utaona uji mweupe kama maziwa. Uji ukiwa ndani ya kopo peke yake si ajabu. Ukionekana pia kwenye kijiti cha kupimia oili, au maji ya rejeta yakipungua, kagua gasketi ya silinda hedi.

Nne, kuhema: paf, paf, paf, kwa kufuata mwendo wa injini. Hii ndiyo kelele inayofaa kuogopwa. Kopo lenye kichujio kinachotoa pumzi nje hupaza sauti ambayo zamani ilimezwa na mabomba. Kuhema kidogo si ugonjwa. Ila injini ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha kutilia oili ukigeuze na kukilaza juu ya tundu lake, ukijihadhari na oili ya moto. Kikirukaruka sana au kikisukumwa pembeni, na moshi ukatoka kwa wingi, gesi inapita kwenye ringi. Hatua ya pili ni kupima mgandamizo wa kila silinda. Hapo hakuna kopo litakaloponya.

MSIZIBE MDOMO

Wako wanaoona njia ya mkato. Kelele inatoka kwenye kichujio, basi kichujio kizibwe kwa kitambaa au plastiki. La hasha! Mkiziba hapo, gesi itatafuta mahali pengine, na itatoa sili ya mbele au ya nyuma. Kadhalika chupa ya soda iliyofungwa kwa waya si kopo. Joto la injini hulilainisha plastiki, na oili ikidondokea bomba la moshi lenye joto kali huweza kuwaka.

Iko hatari iliyo kubwa zaidi katika gari la dizeli. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Huchoma chochote kinachowaka kinachoingia pamoja na hewa. Kopo lililojaa pomoni, ambalo mpira wake unarudi kwenye njia ya hewa, laweza kumwaga oili ndani ya injini. Injini huanza kunguruma yenyewe, mwendo ukapanda, na ukizima ufunguo haizimiki, kwa kuwa sasa inakula oili yake yenyewe. Likitokea hilo gari likiwa limesimama na lina gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, tia gia ya juu kabisa, uachie klachi injini izimike. Vinginevyo ni kuziba njia ya hewa kwa ubao mpana. Kamwe usizibe kwa kiganja, na usisimame kando ya injini, kwani huweza kupasuka. Kuepuka yote hayo ni kulimwaga kopo kila gari linapokaguliwa oili.

Na afya yetu je? Kopo linalopumulia nje chini ya kiti cha dereva, kama zilivyo injini za mabasi mengi madogo, hutia mvuke wa oili na gesi ya sumu mahali anapokaa dereva saa nyingi kwa siku. Moshi wa dizeli ulitangazwa rasmi mwaka 2012 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa ni kisababishi cha saratani. Kelele nayo, ikifika desibeli 85 kwa saa nane za kazi, huanza kuharibu masikio pole pole, na masikio yakishakufa hayafufuki. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya hewa chafu, kelele na mtikisiko kazini tangu mwaka 1977. Hapa Rwanda, Sheria Namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama na afya mahali pa kazi, na atoe vifaa vya kujikinga. Fundi anayeomba glavu na vizibo vya masikio haombi zawadi.

Oili iliyokusanywa isirudishwe kwenye injini, maana ina maji na asidi. Wala isimwagwe mtaroni. Maji ya Gatsata huingia mto Nyabugogo, Nyabugogo huingia Nyabarongo, na Nyabarongo hulisha Akagera inayofika Ziwa Victoria, wanakokunywa ndugu zetu wa nchi jirani. Ikusanywe katika pipa na kukabidhiwa kwa wanaoruhusiwa kuichukua.

NANI ABEBE GHARAMA?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Ovaholi ni ghali. Kopo ni rahisi. Kwa hiyo mwenye gari mwingine hununua kopo ili asifungue injini, kisha oili ikizidi kupungua humtuhumu dereva kwamba anaiuza njiani, na kumkata mshahara. Hii si haki. Oili iliyoliwa na ringi haikuliwa na dereva.

Silaha ya dereva ni daftari. Kila asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, apime oili. Aandike tarehe, kilomita, oili aliyoongeza na kiasi alichomwaga kutoka kwenye kopo. Tuseme injini inakula nusu lita kwa kila kilomita 1,000. Safari ya kilomita 2,800, kwenda na kurudi, itakula lita moja na nusu kasoro kidogo. Daftari likionyesha kiasi hicho hicho safari tatu mfululizo, na sehemu yake ikionekana ndani ya kopo, hapo hakuna mwizi. Iko injini inayodai matengenezo.

Naye fundi asikubali kufunga kopo juu ya injini mbovu bila kuandika kwenye karatasi ya kazi alichokiona: vipimo vya mgandamizo, hali ya pumzi, na ushauri aliotoa. Nakala moja abaki nayo, nyingine apewe dereva. Tangu mwaka 2025 moshi wa magari unapimwa nchini, na gari linalochoma oili halitaweza kujificha kwa muda mrefu. Siku hiyo itaulizwa nani alijua, na nani alinyamaza.

Tunashauri kila tawi lichague dereva mmoja na fundi mmoja wa kupokea madaftari haya na kuyapeleka mbele ya mwajiri kwa pamoja. Mtu mmoja akilalamikia kopo lake ataitwa mkorofi. Madaftari kumi juu ya meza ni ushahidi.