Kununua vitabu vya kale vya teolojia (2): Tazama mwaka wa tafsiri, si mwaka wa chapa

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini mchungaji, katekista au mwanafunzi wa seminari anapaswa kuwasoma Mababa wa Kanisa wenyewe, asitosheke na muhtasari wa mtu mwingine. Leo tushuke kwenye suala la mfukoni: ukishaamua kuwasoma, ununue chapa ipi?

Anayewatafuta Mababa kwa Kiingereza, lugha inayofundishiwa katika seminari nyingi za Afrika Mashariki, hukutana mapema na mkusanyo mmoja mkubwa wa majuzuu 38. Asili yake ni Edinburgh, Uskoti. Kuanzia mwaka 1867 kampuni ya T. & T. Clark ilitoa tafsiri za waandishi Wakristo waliotangulia Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, wahariri wakiwa Alexander Roberts na James Donaldson. Mwaka 1885 wachapaji wa Buffalo, Marekani, wakaanza kuzitoa upya, zikiwa zimepangwa upya na kutiwa maelezo na Askofu A. Cleveland Coxe. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa enzi hizo sheria ya Marekani haikulinda kazi za waandishi wa nje. Ulinzi huo ulianza 1891. Philip Schaff akaongeza majuzuu 14 ya Augustino na Yohane Krisostomo, kisha yeye na Henry Wace wakaanzisha mengine 14, yaliyokamilika 1900. Katika karne ya 20 kampuni za Eerdmans na Hendrickson zilichapa tena mkusanyo wote, na siku hizi yeyote mwenye faili la kompyuta na mashine ya kuchapa anaweza kukutolea juzuu lolote utakalo.

Hapo ndipo mnunuzi anapokwama. Jalada linang'aa, ndani pameandikwa mwaka wa juzi, naye anaamini amepata kazi mpya. Maneno ni yaleyale ya karne ya 19, na elimu iliyomo ni ya karne ya 19.

Mfano mzuri ni Ireneo, askofu wa Lyon wa karne ya pili. Juzuu la kwanza la mkusanyo huu lina kazi yake kubwa dhidi ya uzushi. Lakini mwanahistoria Eusebio alitaja kitabu kingine cha Ireneo kinachoeleza mahubiri ya mitume, na kwa karne nyingi hapakuwa na mtu aliyejua kilipo. Mwaka 1904, katika kanisa moja mjini Yerevan, Karapet Ter-Mekerttschian aligundua mswada wa Kiarmenia wenye kitabu hicho kizima, pamoja na tafsiri ya kale ya kitabu cha nne na cha tano cha ile kazi dhidi ya uzushi. Kilichapishwa 1907. Wafasiri wa Edinburgh walikuwa wamemaliza kazi zamani. Kwa hiyo ukinunua leo Ireneo wa mkusanyo ule, hata kama wino haujakauka, unamnunua Ireneo aliyepungukiwa na kitabu chepesi kuliko vyote alivyotuachia, kile ambacho ningempa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla ya kingine chochote. Mahubiri ya Pasaka ya Melito wa Sardi nayo hayamo, yalichapishwa 1940. Didake ilinusurika kwa kuwa Philotheos Bryennios aliitoa 1883, ikawahi kuingia katika juzuu la saba.

Klementi wa Aleksandria ana shida ya namna nyingine. Fungua juzuu la pili, tafuta kitabu cha tatu cha kazi yake iitwayo Stromata. Kurasa zinatiririka kwa Kiingereza, halafu ghafla ni Kilatini kitupu, hadi kitabu hicho kiishe. Hayo si makosa ya mtambo. Klementi anazungumza humo juu ya ndoa, tendo la ndoa na makundi yaliyolipotosha, na wahariri wakaona haifai maneno hayo yasomwe na kila mtu. Mchungaji anayetaka kujua Kanisa la kale lilifundisha nini kuhusu ndoa, jambo linaloulizwa parokiani kila wiki, amefungiwa mlango mahali palepale alipoufuata. Na wachapaji wa leo mara nyingi hawamwonyi.

Maelezo ya Coxe nayo yasomwe kwa macho mawili. Alikuwa Askofu wa Kianglikana huko New York ya Magharibi, na kila alipopata nafasi alipinga madai ya Papa. Msomaji Mkatoliki asishtuke, na Mprotestanti asidhani kwamba sauti ile ya chini ya ukurasa ni ya Baba wa Kanisa.

Kwa nini basi vitabu vya karne ya 19 ndivyo vinavyochapwa upya kwa wingi? Kwa sababu hakimiliki yake imekwisha. Marekani kitabu kilichochapishwa zamani hulindwa kwa miaka 95. Tanzania, kwa sheria ya 1999, mwandishi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ndiyo maana Calvin unayeuziwa kwa bei ndogo mara nyingi ni wa tafsiri ya Henry Beveridge ya 1845, na si ile ya Ford Lewis Battles ya 1960 yenye maelezo mengi zaidi.

Kuhusu ubora wa chapa yenyewe, kuna namna mbili. Ya kwanza ni picha za kurasa za kitabu cha zamani: herufi zaweza kufifia, ukurasa waweza kurukwa, lakini unachosoma ndicho kilichoandikwa. Ya pili ni maandishi yaliyosomwa na kompyuta na kupangwa upya bila mtu kuyapitia. Humo Kigiriki na Kiebrania hugeuka alama zisizo na maana, na tanbihi huingia katikati ya sentensi. Hiyo ya pili usiinunue kwa bei yoyote.

Ukipata nakala halisi ya zamani, tazama karatasi. Vitabu vingi vya nusu ya pili ya karne ya 19 vilichapwa kwenye karatasi ya mbao yenye asidi, na kingo zake sasa ni za kahawia na humeguka vidoleni. Kitabu cha miaka ya 1600, cha karatasi ya matambara, mara nyingi kina afya zaidi.

Ushauri wangu ni huu. Majuzuu yote 38 yanapatikana bure kwenye mtandao, katika maktaba ya kidijitali iliyotunzwa kwa miaka mingi na Chuo cha Calvin, Marekani. Pakua, usiyalipie chapa mbovu. Fedha yako itumie kwa yale yasiyomo: Ireneo wa Yerevan katika tafsiri ya John Behr ya 1997, na kitabu cha tatu cha Klementi katika tafsiri ya Henry Chadwick ya 1954 au ya John Ferguson ya 1991. Kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji picha ya nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, umwulize ni nani aliyefasiri na mwaka gani. Akishindwa kujibu hayo mawili, tafuta muuzaji mwingine.