Wellington: jiji lililojifunza kunywa bia polepole

Kwa miaka hamsini, baa za New Zealand zilifungwa saa kumi na mbili jioni. Amri hiyo ilianza kutumika Desemba 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ikielezwa kuwa ni ya muda tu. Mwaka uliofuata ikafanywa ya kudumu, na wananchi walipoulizwa kwa kura ya maoni mwaka 1949, wengi wakataka ibaki. Iliondolewa Oktoba 1967. Msomaji anayeishi Australia hana sababu ya kuwacheka majirani zake: New South Wales ilifunga baa zake saa hiyohiyo hadi 1955, na Victoria hadi 1966.

Mfanyakazi aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni alikuwa na saa moja ya kunywa, na aliitumia yote. Wenye baa waliondoa viti, meza na mazulia, wakaacha kumbi tupu zenye sakafu rahisi kuoshwa. Bia ililetwa kwa malori ya matangi, ikamiminwa kwenye glasi kwa mpira wenye kifyatulio, mfano wa mtu anayemwagilia bustani. Chakula hakikuwa na nafasi mahali hapo, kwa kuwa anayetafuna hupoteza dakika za kunywa.

Bia yenyewe nayo ilifuata mkondo huo. Viwanda kumi viliungana mwaka 1923 kuwa kampuni moja, New Zealand Breweries, ambayo leo hujulikana kama Lion, na baadaye karibu soko lote likawa mikononi mwake na mshindani wake, DB. Katika miaka ya 1950 Morton Coutts wa DB alibuni njia ya kuchachusha bia mfululizo, ikipita kutoka tangi hadi tangi bila kusimama. Ulikuwa uvumbuzi wa kweli na ulisifiwa. Hata hivyo, kwa mnywaji wa kawaida maana yake ilikuwa kwamba kutoka kaskazini hadi kusini mwa nchi alipewa bia ileile, ya rangi ya kahawia, tamu kidogo na isiyo na la kusimulia.

Kutokana na historia hiyo ndipo hali ya sasa ya Wellington inapostaajabisha. Katika mji mkuu huo mdogo, wenye upepo mkali na vilima vilivyoshuka hadi bandarini, mgeni hupewa orodha ya bia ndefu kama ya divai, na mhudumu humuuliza kwanza atakula nini.

Mafundi wa gereji

Mabadiliko hayakuanzia Wellington. Mwaka 1981 Terry McCashin, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya raga, All Blacks, alifungua kiwanda kidogo cha bia karibu na mji wa Nelson, ng'ambo ya Mlangobahari wa Cook. Wellington ilichangia kitu kingine: wateja. Ni jiji la watumishi wa serikali, wanafunzi na wasanii, na katikati yake panazungukika kwa miguu, hivyo baa iliyothubutu kuuza bia isiyojulikana haikukosa watu wa kuionja. Malthouse ilifanya hivyo tangu miaka ya 1990. Tuatara ilianza kupika bia zake kaskazini mwa jiji mwanzoni mwa karne hii.

Mwaka 2011 ndio uliobeba mengi. Katika bonde la Aro, ndugu wawili, Pete na Ian Gillespie, pamoja na rafiki yao Jos Ruffell, walichukua jengo lililokuwa kituo cha mafuta na gereji, wakaliita Garage Project. Hawakuwa na mtambo mkubwa. Walikuwa na vyombo vya kupikia lita 50 kwa mkupuo, kiasi ambacho mama mpika mbege wa Kilimanjaro angekiona cha kawaida kabisa, nao wakatangaza kwamba wangetoa bia 24 tofauti kwa wiki 24. Udogo wa sufuria ndio uliowapa uhuru, kwa sababu bia isiyopendwa iliisha kabla haijaleta hasara kubwa. Mwaka huohuo vijana watatu, wote wakiitwa Matt, walianzisha ParrotDog, ambayo baadaye ilihamia Lyall Bay, si mbali na uwanja wa ndege.

Msomaji aliyekulia Kilimanjaro, Kivu au Burundi anaweza kuuliza ugeni uko wapi. Mbege ya ndizi na ulezi, kasiksi ya Kivu na bia za ndizi za Burundi na Rwanda zimepikwa kwa vyungu na mitumba vizazi na vizazi, kila mpishi na mkono wake. Swali hilo ni la haki. Kinachoitwa leo bia ya ufundi ni, kwa sehemu kubwa, kurejea mahali ambapo watu wengine hawakuwahi kuondoka. Hata uchungu una ndugu yake: katika mbege hutiwa gome la msesewe, na katika bia ya kizungu hutiwa hopi, yaani maua ya mmea unaotambaa juu ya nguzo na kamba.

Hopi hizo ndizo zinazoipa bia ya Wellington sura yake. Karibu zote za New Zealand hulimwa katika eneo la Nelson na Tasman, ng'ambo tu ya mlangobahari. Aina iitwayo Nelson Sauvin, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2000, hunukia kama divai nyeupe ya Sauvignon Blanc, ambayo pia ni fahari ya eneo hilo la kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini. Motueka hukumbusha ndimu, na Riwaka hukumbusha balungi. Hakuna tunda lililotiwa ndani. Harufu yote hutoka kwenye mafuta ya ua.

Bia na sahani

Kuoanisha bia na chakula hakuhitaji elimu ya siri. Kuna mambo machache yanayotokea mdomoni, na mtu akishayatambua anaweza kujichagulia mwenyewe.

La kwanza ni mapovu. Hewa iliyomo ndani ya bia husugua ulimi na kuondoa mafuta, ndiyo sababu laga baridi hukaa vizuri na samaki wa kukaanga na chipsi, chakula ambacho Mnyuzilandi hula akiwa amekaa ukutani kando ya bahari. La pili ni ukali kama wa ndimu. Zipo bia zilizochachushwa kwa hamira za porini hadi zikawa chachu, na Garage Project ina karakana yake ya bia za namna hiyo katikati ya jiji. Bia hizo hufanya kazi ya kipande cha limau: huamsha kome wa midomo ya kijani, wanaofugwa kwa wingi katika ghuba za Marlborough, na hukata utamu mzito wa jibini.

La tatu ni kuungua. Shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi huleta ladha ya kahawa na kakao, na ladha hiyo huitambua haraka nyama iliyopita motoni. Mwanakondoo wa kuchoma na bia nyeusi ni jozi isiyokosea, na yeyote anayejua mishkaki hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini jozi ya bia nyeusi inayosifiwa kuliko zote ni chaza. Chaza wa Bluff huvunwa baharini kusini kabisa mwa nchi kuanzia Machi hadi Agosti, na chumvi yao ikikutana na uchungu wa stauti, kila kimoja hutoa utamu ambao hakikuwa nao peke yake. Asiyependa chaza hatashawishika kwa maneno, na pengine asishurutishwe.

La nne ni pilipili, na hapa wengi hupotea. Bia yenye hopi nyingi na kileo kikali, kama zile ziitwazo IPA, huongeza moto wa pilipili badala ya kuuzima. Wellington ina mikahawa mingi ya Kimalaysia, na mgeni anayeagiza mchuzi mkali pamoja na bia chungu kuliko zote hujifunza somo hilo kwa machozi. Laga nyepesi au bia ya ngano humfaa zaidi. Wapo wapikaji walioamua kuuchezea moto huo: bia ya Garage Project iitwayo Death from Above ina embe, pilipili, ndimu na mnanaa wa Kivietinamu, kana kwamba achari imekwisha kutiwa ndani ya glasi.

Utaratibu wa kuonja nao una maana. Huanza na bia nyepesi na kumalizia nzito, kama vile hakuna anayekula halua kabla ya supu. Baa nyingi huleta ubao wenye glasi ndogo nne au tano, ambazo kwa pamoja hukaribia painti moja au kuizidi kidogo. Mlo ni lazima uwepo hata kisheria: sheria ya uuzaji wa vileo ya mwaka 2012 inazitaka baa kuwa na chakula cha kuuza wakati wote zinapouza kileo, pamoja na maji ya bure na vinywaji visivyo na kileo.

Wenye glasi na wenye hisa

Furaha hii haina uhakika wa kudumu. Kampuni mbili zilizotawala baa za saa moja hazikulala. Lion, inayomilikiwa na Kirin ya Japani, iliinunua Emerson's ya Dunedin mwaka 2012, kisha Panhead ya Upper Hutt, jirani na Wellington, mwaka 2016. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Tuatara kununuliwa na DB, ambayo ni mali ya Heineken, kampuni ileile ambayo Warundi na Wanyarwanda wameijua kwa miongo mingi kupitia Primus. Waanzilishi wa viwanda hivyo hawakulazimishwa. Waliuza walichokijenga, na bia zao zikafika madukani ambako zisingefika. Ila jina likibaki kwenye kopo na maamuzi yakahamia kwingine, mnywaji hana njia ya kujua kwa kuangalia kopo pekee.

ParrotDog ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2016 iliwauzia wananchi wa kawaida hisa kupitia mtandao, ikakusanya dola milioni mbili za New Zealand, kiwango cha juu kilichoruhusiwa na sheria, katika muda wa siku chache. Mteja akawa mwenye kiwanda, kwa kiasi chake.

Gharama, hata hivyo, hazibagui. Ushuru wa kileo hurekebishwa kila mwaka tarehe 1 Julai kufuatana na mfumuko wa bei, na kiwanda kidogo hakina pa kuuficha. Mwaka 2022 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Marsden Point kiliacha kazi hiyo, na Desemba mwaka huo mtambo wa gesi wa Kapuni ukasimamishwa kwa sababu za usalama. Hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vyanzo vya nchi vya gesi ya mapovu, na kwa miezi kadhaa wapika bia walihangaika kutafuta kitu ambacho hakuna mnywaji aliyewahi kufikiri kwamba hununuliwa. Kisha, kuanzia 2024, serikali ikapunguza maelfu ya nafasi za kazi katika utumishi wa umma. Katika jiji ambalo watumishi hao ndio wateja wa chakula cha jioni, meza tupu zilionekana mapema.

Kutoka Sydney hadi Wellington ni safari ya ndege ya saa tatu na dakika kadhaa. Agosti, ingawa ni majira ya baridi, ndio mwezi wa kwenda: hapo hufanyika kwa kawaida tamasha la bia la Beervana, na pia tamasha la vyakula la Wellington On a Plate lililoanza mwaka 2009, ambamo mikahawa hushindana kwa baga na nyingi huandamana na bia iliyochaguliwa kwa ajili yake. Ndio pia mwezi wa mwisho wa chaza.

Anayekodi gari akumbuke kwamba tangu Desemba 2014 kiwango cha kileo kwa dereva mwenye miaka 20 na zaidi ni miligramu 50 katika mililita 100 za damu, na kwa aliye chini ya umri huo ni sifuri. Asiyekunywa kileo anaweza kuketi meza hiyohiyo: zipo soda za Six Barrel, zilizoanzia jijini humo, na ipo Tiny ya Garage Project, bia yenye harufu yote ya hopi. Tiny, hata hivyo, ina kileo cha hadi nusu asilimia, jambo ambalo anayejiepusha na kileo kwa sababu ya dini au afya anapaswa kulijua kabla ya kuagiza.