Kukabidhiwa Ufunguo wa Ofisi si Kuwa Mshauri Nasaha

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hutumiwa kila mara na walimu na wazazi kuwahimiza vijana wetu wayaseme yanayowasibu. Hata hivyo, upo upande wa pili wa methali hiyo ambao ni nadra sana kuzungumziwa. Je, huyo anayefichuliwa maradhi ana ujuzi gani wa kuyashughulikia?

Swali hili limenikaa moyoni tangu nilipokuwa mwalimu chipukizi katika shule moja ya upili ya bweni. Asubuhi moja mwalimu mkuu aliniita afisini mwake, akanikabidhi ufunguo wa chumba kidogo kilichokuwa ghala la vitabu vikuukuu, kisha akanitangaza mbele ya wanafunzi gwarideni kuwa mkuu wa idara ya ushauri nasaha. Sikuwa nimesomea kazi hiyo hata kwa siku moja. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa na sauti ya upole, na pia kwa kuwa vipindi vyangu vilikuwa vichache kuliko vya wenzangu.

Katika wiki ya tatu, mvulana wa kidato cha pili alibisha hodi. Alikaa kitambo kirefu bila ya kutamka neno. Hatimaye alinieleza kwamba tangu babake afariki hapati usingizi, na kwamba haoni tena sababu ya jua kuchomoza. Nami nikamjibu kama nilivyolelewa: mwanamume ni kujikaza, na njia bora ya kumuenzi marehemu ni kufanya bidii masomoni. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Nilijiona nimefanya kazi ya maana. Wakati wa chai ya saa nne niliwasimulia walimu wenzangu mkasa huo, nia yangu ikiwa ni kuwafanya wamhurumie. Kabla ya jua kutua, mwalimu mmoja aliyekuwa akimkemea kijana huyo kwa kuchelewesha kazi yake alimwambia mbele ya darasa zima kwamba si yeye wa kwanza kufiwa na baba.

Mvulana yule hakurudi tena chumbani mwangu. Muhula haukwisha kabla hajaihama shule. Aliko hadi leo sijui.

Miaka mingi baadaye, nilipojiunga na chuo kusomea ushauri nasaha katika kiwango cha uzamili, nilizitambua dhambi zangu tatu. Kwanza, nilitoa wosia kabla ya kusikiliza. Pili, sikumuuliza swali ambalo lilikuwa la lazima: iwapo alikuwa akifikiria kujitoa uhai. Niliogopa kwamba kuuliza kungempa wazo hilo, ilhali utafiti umebainisha kwamba kumuuliza mtu swali hilo waziwazi na kwa utulivu hakumtii wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango wa kusema. Tatu, nilitoboa siri. Mambo haya yote hufunzwa katika hatua za mwanzo kabisa za taaluma hii. Mimi niliyakosa kwa sababu hakuna aliyenifunza, na gharama ya ujinga wangu ililipwa na mtoto wa watu.

Nimesimulia haya kwa sababu kisa changu si cha pekee. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha mwaka wa 1971. Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976 nayo ilipendekeza kwamba wakuu wa shule wawape baadhi ya walimu wao jukumu hilo. Pendekezo lenyewe lilikuwa jema, lakini neno “wapewe” ndilo lililoshikiliwa, huku neno “wafunzwe” likisahaulika. Mwaka wa 2001, serikali ilipopiga marufuku kiboko shuleni, mwalimu aliagizwa kutumia ushauri nasaha mahali pa fimbo. Mwaka uo huo wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, na moto ule ulitokana na hila ya wanafunzi wenyewe. Taifa lilipigwa na butwaa, na kauli ikawa ile ile inayosikika kila baada ya janga: ushauri nasaha uimarishwe. Lakini jengo litaimarishwaje ikiwa fundi mwenyewe hajafunzwa kupiga tofali?

Si kwamba Wakenya hawajui thamani ya kazi hii. Bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu zaidi ya 200, wengi walitambua kwa mara ya kwanza kwamba kuna majeraha ambayo daktari wa upasuaji hawezi kuyashona. Hatimaye Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia wanaofanya kazi hii. Kwa hivyo, kisheria, ushauri nasaha si kipaji cha kila mwenye sauti ya upole. Ni taaluma, kama vile udaktari na uanasheria.

Sasa tujiulize, taaluma hii hufunzwaje? Wengi hudhani kwamba anayeisomea hukaririshwa nadharia za saikolojia akatahiniwa, akapewa shahada yake na kwenda zake. Nadharia zipo, na ni muhimu. Mwanafunzi husoma jinsi binadamu anavyokua, jinsi ya kutambua dalili za sonona na wahaka, jinsi ya kuongoza kikundi, na maadili ya kazi. Husoma pia fikra za wataalamu kama vile Carl Rogers, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1987, ambaye alishikilia kwamba anayesaidiwa hubadilika pale anapokutana na mtu mkweli, anayemheshimu bila masharti na kuyaelewa maumivu yake kana kwamba ni yake mwenyewe. Sentensi hiyo yaweza kukaririwa kwa dakika moja. Kuitekeleza mbele ya kijana anayelia ni kazi ya miaka.

Ndiyo maana kiini cha mafunzo haya ni saa za kazi chini ya jicho la msimamizi. Tuchukue mfano wa Marekani, ambako jimbo la Virginia lilianza kuwapa washauri leseni katikati ya miaka ya 1970, na California, lililokuwa la mwisho, likatunga sheria yake mwaka wa 2009. Kule, mtalaa wa uzamili ulioidhinishwa na baraza kuu la taaluma hiyo humtaka mwanafunzi afanye mazoezi ya saa zisizopungua 100, kisha saa nyingine 600 katika kituo cha kazi. Akishafuzu bado hapewi leseni kamili mara moja, bali katika majimbo mengi huendelea kufanya kazi chini ya usimamizi kwa maelfu ya saa. Kila wiki huketi na aliyemtangulia, akaeleza alichokisikia, alichokijibu, na pale alipojikwaa.

Katika mafunzo yangu mwenyewe, msimamizi wangu alinisikilizisha kanda ya mazungumzo yangu na mteja aliyekuwa ameridhia kurekodiwa. Aliisimamisha mahali pamoja akaniuliza, “Mwalimu, hapa ulikuwa unamtuliza yeye, au ulikuwa unajituliza wewe?” Sikuwa na jibu. Siku hiyo ndipo nilipomkumbuka yule mvulana wa kidato cha pili, nikatambua kwamba wosia niliompa ulikuwa wa kuninusuru mimi na machozi yake. Hakuna kitabu ambacho kingenionyesha hilo.

Najua watakaopinga. Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walishauriana tangu jadi bila shahada wala leseni. Ni kweli, lakini nao hawakujitwalia tu kazi hiyo. Kungwi wa Pwani hakuamka siku moja akajiita kungwi. Alifuatana na waliomtangulia, akatazama, akasahihishwa, akaaminiwa siri kidogo kidogo kabla ya kukabidhiwa mwari. Huo ndio usimamizi tunaouzungumzia, ijapokuwa haukuitwa kwa jina hilo.

Wengine watasema kwamba nchi haina fedha za kuajiri mshauri aliyefuzu katika kila shule. Hoja hiyo ina uzito, na sitaipuuza. Lakini kati ya kuwa na mtaalamu kamili na kutokuwa na kitu, kuna njia ya katikati. Mwalimu anayeteuliwa apewe mafunzo kabla ya kupewa ufunguo. Apunguziwe vipindi ili apate muda wa kusikiliza. Shule za eneo moja zishirikiane kupata mshauri aliyesajiliwa atakayekutana na walimu hao kila mwezi na kuwasimamia, na ambaye watampelekea kesi zinazowazidi kimo. Aidha, asiwe ndiye msimamizi wa nidhamu, kwa maana mwanafunzi hawezi kumfunulia moyo mtu atakayemwadhibu kesho.

Kwenu wanafunzi wa vyuo mnaoikodolea macho taaluma hii, nina neno moja. Kabla ya kulipa karo, msiulize tu kozi itachukua muda gani au cheti kitakuwa na muhuri wa nani. Ulizeni mtafanya saa ngapi za mazoezi, mtasimamiwa na nani, na iwapo msimamizi huyo amesajiliwa na bodi. Chuo kisichoweza kuyajibu maswali hayo kinawauzia karatasi. Na karatasi, hata ikitiwa fremu ya dhahabu, haiwezi kumuuliza kijana kama anawaza kujiua.

Wakati ni huu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ni mwaliko kwa walioelemewa wajitokeze, waseme bila hofu ya pingu. Watajitokeza kwa nani? Kwa wengi wao walio shuleni, mlango wa kwanza watakaoubisha ni ule wa chumba kidogo kilichokuwa ghala la vitabu, na atakayefungua ni mwalimu kama nilivyokuwa mimi.

Walimu wenzangu, ukikabidhiwa ufunguo huo kesho, usione haya kumwambia mwalimu mkuu kwamba hujui na kwamba unataka kufunzwa. Kuuliza si ujinga. Na ikiwa mwanafunzi atakujia kabla hujafunzwa, basi fanya angalau matatu ambayo mimi sikuyafanya: msikilize hadi mwisho, muulize bila woga iwapo anawaza kujidhuru, na usilichukue neno lake hadi chumba cha walimu. Ukiona maisha yake yamo hatarini, mweleze waziwazi kwamba jambo hilo hutaliweka siri, kisha umpeleke wewe mwenyewe kwa aliye na ujuzi.