Ukimya, Kukataliwa na Kunyimwa Ruhusa: Mantiki ya Kutambua Hitilafu za Baruapepe na Ufikiaji wa Mbali katika Seva Ndogo

Utangulizi

Makala hii inafafanua namna ya kutambua chanzo cha hitilafu mbili zinazowakabili mara kwa mara wasimamizi wa seva ndogo: baruapepe isiyomfikia mpokeaji, na msimamizi kushindwa kuingia katika seva akiwa mbali nayo. Seva ndogo inayokusudiwa hapa ni kompyuta moja, ya kukodi au ya ofisini, inayohudumia shule, zahanati au chama cha ushirika, na ambayo aghalabu ina msimamizi mmoja mwenye majukumu mengine. Katika mazingira hayo, kukosea utambuzi kuna gharama kubwa. Foleni ya barua ikifutwa kwa haraka, barua ambazo zingefika hupotea. Vilevile, ukuta-kinga, yaani programu inayochuja mawasiliano, ukibadilishwa pasipo tahadhari, msimamizi hujifungia nje ya seva iliyo mamia ya kilomita kutoka alipo.

Hoja kuu ya makala ni kwamba hitilafu zote mbili huchunguzwa kwa swali moja: upande wa pili ulijibu nini? Majibu yamegawanyika katika aina tatu, nazo ni ukimya, kukataliwa mlangoni, na kunyimwa ruhusa baada ya mazungumzo kuanza. Kila aina huelekeza mahali pa kuchunguza kabla ya usanidi wowote kuguswa.

Aina tatu za majibu

Mawasiliano yanayojadiliwa hapa hupita juu ya itifaki ya TCP. Kompyuta inayoomba kuunganishwa hupeleka ombi kwenye mlango wenye namba maalumu: 25 kwa seva inayopokea barua kutoka seva nyingine, 587 kwa mtumiaji anayeikabidhi seva yake barua, na 22 kwa SSH, itifaki ya kuingia katika seva kutoka mbali.

Ombi lisipojibiwa hadi muda wake uishe, kwa kawaida limetupwa njiani na ukuta-kinga, au mashine imezimika, au anwani iliyotumika siyo sahihi. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika uchunguzi wa seva, ukimya nao ni ushahidi, kwa kuwa unaonesha kwamba programu ya barua au ya SSH huenda haijalipata ombi lenyewe. Kukataliwa papo hapo kuna maana tofauti: mara nyingi mashine iko hai, lakini hakuna programu inayosikiliza katika mlango huo. Ama kunyimwa ruhusa, huthibitisha kwamba mtandao ni mzima na programu inafanya kazi, hivyo tatizo limo katika utambulisho au kanuni za upande wa pili.

Uwasilishaji wa baruapepe

Itifaki ya SMTP iliwekwa bayana na Jonathan Postel katika waraka wa RFC 821 wa mwaka 1982, na toleo linalorejelewa sasa ni RFC 5321 la mwaka 2008. Kwa mujibu wa itifaki hiyo, kila hatua hujibiwa kwa namba ya tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ikiwa 2, hatua imekubaliwa. Ikiwa 4, kikwazo ni cha muda. Ikiwa 5, kukataliwa ni kwa kudumu.

Tofauti kati ya 4 na 5 ina athari za kiutendaji. RFC 5321 inashauri seva inayopeleka barua isubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na iendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa. Kwa hiyo, umeme ukikatika siku nzima katika ofisi inayopokea, barua kwa kawaida hazipotei, bali hungoja katika foleni za watumaji. Aidha, baadhi ya seva huwajibu kwa makusudi wageni kwa namba inayoanza na 4. Seva halali itarudi baadaye, ilhali programu nyingi za barua taka hazirudi. Msimamizi anayefuta foleni kwa sababu ya jibu hilo hugeuza ucheleweshaji kuwa upotevu.

Barua za wapokeaji wengi wasiohusiana zikikwama kwa ukimya katika mlango wa 25, huku seva ikiendelea kufungua tovuti bila shida, yafaa kushuku kwamba mtoa huduma amezuia mlango huo. Wengi hufanya hivyo ili kudhibiti barua taka. Kubadili usanidi wa programu ya barua hakutasaidia. Kinachohitajika ni kumwomba mtoa huduma aufungue, au kupitishia barua katika seva nyingine kwa mlango wa 587.

Namba ikianza na 5, maelezo yanayoifuata yasomwe hadi mwisho. Huenda sanduku la mpokeaji halipo, au anwani ya IP ya mtumaji haina rekodi ya kinyume katika DNS, au utambulisho wa kikoa umeshindwa. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, DKIM huweka saini ya kidijitali katika barua, na DMARC hueleza la kufanya ukaguzi ukishindwa. Tangu Februari 2024, Google inamtaka kila anayetuma barua kwa akaunti za Gmail awe na angalau SPF au DKIM, na watumaji wakubwa wawe na zote tatu.

Jibu la 250 mwishoni mwa mazungumzo lina mpaka wake. Linathibitisha kwamba seva ya pili imepokea dhamana ya barua. Halithibitishi kwamba mpokeaji ameiona. Hapo uchunguzi huhamia upande wa pili, kuanzia na folda ya barua taka.

Ufikiaji wa mbali

SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen nchini Finland. Msimamizi akipata ukimya au kukataliwa, jaribio la kwanza ni kutumia mtandao mwingine, kwa mfano wa simu. Akifanikiwa, seva ni nzima na tatizo limo katika mtandao au anwani yake ya awali. Ikumbukwe kwamba Fail2ban, programu inayofungia anwani zilizokosea nywila mara kadhaa, yaweza kutoa jibu la kukataliwa ingawa SSH inafanya kazi.

Akinyimwa ruhusa ilhali ufunguo ni sahihi, ruhusa za saraka zikaguliwe, kwa sababu SSH kwa kawaida huukataa ufunguo ikiwa watumiaji wengine wanaweza kuandika katika saraka ya mwenyewe. Pia, OpenSSH 8.8 ya Septemba 2021 iliacha kukubali, kwa chaguo-msingi, saini za RSA zinazotumia SHA-1. Hivyo, baada ya seva kusasishwa, programu ya zamani upande wa msimamizi yaweza kukataliwa bila ufunguo kubadilika.

Kabla ya kubadili mipangilio ya SSH au ukuta-kinga kutoka mbali, kipindi kilichopo kiachwe wazi, usanidi mpya ukaguliwe kabla ya kuanzishwa, kisha kuingia kujaribiwe kwa kipindi cha pili. Kwa ukuta-kinga, inafaa kupanga kanuni za awali zijirejeshe zenyewe baada ya dakika chache, iwapo msimamizi hatathibitisha.

Hitimisho

Makala imeonesha kwamba aina ya jibu hupunguza upeo wa uchunguzi kabla ya badiliko lolote kufanywa. Inapendekezwa kwamba msimamizi anakili kwanza saa, anwani, namba na maneno kamili ya jibu, kisha abadili jambo moja kwa wakati na kulipima. Kwa taasisi yenye msimamizi mmoja, kumbukumbu hiyo pia humwezesha atakayempokea kazi kuendelea pale uchunguzi ulipofikia.