Gesi Ikifika Mwamgongo, Nani Atakipima Kipimo?

Mwamgongo ni kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Usafiri wake mkuu ni wa majini: saruji, sukari, mafuta ya injini na mitungi ya gesi ya kupikia hupakiwa kwenye boti katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, na kushushwa ufukweni. Mitungi hiyo itaongezeka, na ni vema iongezeke. Misitu ya miteremko inayoizunguka Gombe imekatwa miaka mingi kwa ajili ya mashamba na kuni, kiasi kwamba mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, ulilazimika kuanza na mahitaji ya wanavijiji ndipo uzungumzie sokwe. Serikali nayo iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Jiko la shule au la kituo cha afya likihamia gesi, linahitaji kigunduzi cha kudumu, yaani kile kinachofungwa ukutani na kuichunguza hewa usiku na mchana. Ninachodai hapa ni kwamba kukinunua ndiyo kazi nyepesi. Kwenye mwambao huu swali la kwanza liwe hili: ni boti gani itakayoleta gesi ya kukijaribia, na mara ngapi kwa mwaka?

Tuanze na tabia ya gesi yenyewe. Iliyomo kwenye mitungi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini. Hushuka, hutambaa sakafuni, huingia kwenye mfereji wa maji machafu na kutuama shimoni. Wakazi wa Goma wanaijua tabia hii kwa jina la mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini karibu na volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, ikajikusanya kwenye mabonde na kuua mifugo na watu wanaoingia humo, ilhali aliyesimama juu kidogo hapati dhara. (Wapo wanaouliza kama Ziwa Tanganyika nalo linaweza kutapika gesi kama Ziwa Nyos la Kamerun, lililoua watu wapatao 1,700 tarehe 21 Agosti 1986. Maji yake ya kina hayana oksijeni na yana sulfidi ya hidrojeni, lakini hayana shehena ya kaboni dioksidi kama iliyokuwamo Nyos au iliyomo Ziwa Kivu. Hofu ya gesi kwenye mwambao huu ielekezwe jikoni.) Mazuku hunyima pumzi. Propani hufanya hivyo pia ikiwa nyingi, lakini kabla ya hapo huwa imeshafika kiwango cha kuwaka, ambacho ni takriban asilimia 2 tu ya hewa.

Kwa sababu hiyo sensa ya gesi ya mitungi, yaani sehemu ya kigunduzi inayoihisi gesi, hufungwa chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, wakati ile ya methani, gesi nyepesi inayotoka kwenye mtambo wa samadi, hufungwa karibu na dari. Ukibadilisha nafasi hizo, kifaa kizima kabisa kitanyamaza huku chumba kikijaa. Lakini urefu kutoka sakafuni hautoshi. Mwamgongo iko kwenye mteremko, na mwambaoni upepo hufuata saa: mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hewa iliyopoa hushuka kutoka milimani kuelekea maji. Gesi inayovuja usiku, jiko likiwa limefungwa na mpishi amelala, itafuata mteremko na upepo kwa pamoja, kuelekea ziwani. Kwa hiyo mitungi ikae nje, upande ambao chini yake hakuna mlango wala shimo la choo, ukuta wa banda la mitungi uachiwe matundu chini kabisa, na sensa ya ndani iwekwe upande ambao hewa ya usiku inaelekea, mbali na dirisha na nyuma ya mlango. Kisha kuna jambo ambalo michoro ya kiwandani haionyeshi vya kutosha: majiko yetu huoshwa kwa ndoo. Maji ya sabuni yanayomwagwa sakafuni hurukia sensa iliyo sentimita 30 juu, mafuta ya kukaangia hutua juu yake, vumbi hunata, na baada ya miezi michache kichujio chake kidogo cha chuma kimezibwa na ukoko. Kofia ya kuzuia maji inasaidia. Hata hiyo huziba.

Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo. Aina moja ya sensa inayotumika sana ina shanga mbili ndogo zinazopashwa moto kwa umeme. Moja imepakwa kichocheo cha metali kama paladi au platini; gesi ikiigusa huungua juu yake, joto hupanda, ukinzani wa waya hubadilika, na kifaa hulinganisha shanga hiyo na mwenzake. Ni ubunifu mzuri sana, lakini kichocheo hicho hulishwa sumu kirahisi. Mvuke wa silikoni, ile gundi ambayo mafundi huzibia kingo za sinki, huganda juu yake na kumaliza nguvu yake. Vifaa vya bei nafuu zaidi hutumia oksidi ya bati, teknolojia ambayo Mjapani Naoyoshi Taguchi aliiombea hataza mwaka 1962, wakati kaya za Japani zilipokuwa zikihamia gesi ya mitungi na milipuko ya majumbani ikawa jambo la kutisha. Hizo huvumilia zaidi, ila hudanganywa na mvuke wa pombe na dawa za kupulizia. Aina zote mbili zina udhaifu mmoja ambao kila mkuu wa shule anapaswa kuujua: sifuri inayoonyeshwa na sensa iliyokufa haina tofauti na sifuri ya hewa safi. Taa ya kijani itaendelea kuwaka, na umeme utaendelea kuliwa.

Mafundi wengi wana dawa yao ya hili. Huchukua kiberiti cha gesi, hukibonyeza bila kukiwasha, hukielekeza kwenye sensa. Kengele hulia, wenye jiko hutabasamu, fomu hutiwa saini. Tazama kilichotokea kwa karibu. Gesi inayotoka kwenye kiberiti ni butani tupu. Inayoifikia sensa kwa umbali ule huweza kuwa nyingi kuliko kiwango cha kuwaka mara kadhaa. Sensa iliyopoteza sehemu kubwa ya uwezo wake bado italia kwa dozi kama hiyo, kama kiziwi anayeshtuka mlango ukibamizwa. Lakini kengele ya jikoni inatakiwa kulia gesi ikiwa moja ya tano ya kiwango cha kuwaka, au hata moja ya kumi, ili upatikane muda wa kufunga vali na kufungua milango. Kuhusu kiwango hicho kiberiti hakisemi chochote. Zaidi ya hayo, mafuriko ya gesi huweza kuichosha shanga yenyewe na kusogeza sifuri yake, kwa hiyo jaribio hilo huacha kifaa katika hali mbaya kuliko lilivyokikuta.

Kalibresheni halali ina hatua mbili. Kwanza fundi anahakikisha hewa ni safi na kuweka sifuri. Pili anafunika sensa kwa kikombe maalumu na kuipitishia gesi ya kiwango kinachojulikana, kwa kawaida nusu ya kiwango cha chini cha kuwaka, kwa mtiririko wa takriban nusu lita kwa dakika, mpaka namba itulie. Ndipo anakirekebisha kifaa kisome sawasawa. Gesi hiyo iwe propani au butani. Kifaa kilichorekebishwa kwa methani huweza kuonyesha karibu nusu tu ya propani iliyopo, na kwenye cheti hutaliona kosa hilo usiposoma jina la gesi. Kazi hii ifanyike palepale kifaa kilipofungwa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo lake la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko la Dar es Salaam. Sensa za mwanga wa infraredi, ambazo hazidhuriwi na silikoni na kwa hilo nazipenda, huhesabu molekuli zilizo kwenye njia ya mwanga. Hewa ikiwa nyepesi, hesabu inapungua kwa kiasi hichohicho. Cheti cha pwani hakitoshi kwa ziwani.

Atasema mtu kwamba gesi ya mitungi imetiwa harufu makusudi, na pua haihitaji kalibresheni. Ni kweli, harufu ile huwekwa ili isikike gesi ikiwa bado chini sana ya kiwango cha kuwaka, na imeokoa wengi. Ila pua hulala pamoja na mwenyewe. Pua pia huzoea: anayekaa na harufu ndogo kwa muda huacha kuisikia, na mwambao ambako dagaa huanikwa mchangani una harufu zake nyingi za kushindana nayo. Wengine watasema vifaa vya kisasa hujichunguza vyenyewe. Huchunguza waya, umeme na saketi. Hakuna kati ya hivyo kinachojua kama ukoko wa mafuta umeziba tundu ambalo gesi ilipaswa kupitia. Hilo hujulikana kwa gesi tu.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Ukiweka masharti mengi, watu watarudi kwenye kuni, na moshi unaua kwa uhakika kuliko mtungi: takwimu ambazo serikali yenyewe huzitaja ni vifo takriban 33,000 kwa mwaka nchini vinavyotokana na moshi wa kupikia. Nalikubali hilo kwa uzito wote, na simwombi mtu acheleweshe gesi hata kwa mwezi mmoja. Mitungi kukaa nje, matundu chini ya ukuta na mpira wa gesi unaobadilishwa kwa wakati ni kinga za gharama ndogo zisizohitaji umeme, na jiko lenye hizo bila kigunduzi ni salama kuliko jiko lenye kigunduzi bila hizo. Ubaya wa kifaa kisichojaribiwa ni kwamba huwalegeza watu kwenye kinga hizo. Mitungi huingizwa ndani kukwepa wezi kwa sababu kengele ipo, dirisha huzibwa kwa sababu kengele ipo.

Na gharama yenyewe, ukiipigia hesabu, haitishi. Mtungi mdogo wa gesi ya kupimia wenye lita 58 unaingia kwenye begi. Kwa nusu lita kwa dakika, dakika mbili kwa kila sensa, unatosha zaidi ya mara 50. Mchanganyiko wake uko chini ya kiwango cha kuwaka, kwa hiyo si mzigo wa kuogofya kwenye boti kama mitungi mikubwa inayosafiri nao. Kinachotakiwa ni kuulinda na jua na kuangalia tarehe yake ya mwisho. Umeme nao: sensa ya wati 3 hula wati-saa 72 kwa siku, mzigo ambao paneli ya wastani na betri yake huubeba, mradi betri hiyo isiunganishwe na televisheni ya bwenini. Tayari tuna mfano wa nidhamu tunayoihitaji: mizani ya duka huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri, ili mnunuzi asipunjwe robo kilo ya mchele. Jiko moja haliwezi kumlipa fundi peke yake, lakini majiko ya Mtanga, Mwamgongo na vijiji vinavyofuata hadi Kagunga yanaweza kumchangia mmoja, aondoke Kibirizi na begi lake kila baada ya miezi sita, ashuke kila kijiji, ajaribu kila kengele na kuandika kwenye kadi iliyobandikwa ukutani namba aliyoikuta kabla ya kurekebisha, kwa kuwa namba hiyo ndiyo inayoonyesha sensa inazeeka kwa kasi gani. Kati ya safari hizo, mtu aliyefundishwa pale kijijini asafishe kofia ya sensa na kuipitishia gesi kidogo kila mwezi. Halmashauri inayopanga kununua vigunduzi vya majiko hayo iweke safari hizo kwenye bajeti ileile, mstari ulio juu ya bei ya vifaa.