Kufundisha Ukataji wa Chuma: Kutoka Msumeno wa Mkono hadi Mashine ya Kompyuta

Wanachuo wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za Kasulu na Kibondo, hutuletea swali waliloulizwa na watoto wa darasa la sita na la saba: Je, mashine ndogo ya mezani inayoongozwa na kompyuta, ile ichongayo mbao, yaweza kukata chuma? Swali hili lina msingi. Mwaka 2022 miji hii iliunganishwa na gridi ya Taifa, na mtoto amwonaye fundi akichomelea madirisha kwa umeme ana haki ya kuuliza umeme huo waweza kufanya nini zaidi. Mwalimu akimjibu, "Mashine hiyo hatuna, tuendelee na somo," amefunga mlango uliokuwa umekwisha kufunguka.

Makala hii yakusudia kuonyesha kuwa jibu lapatikana kwa msumeno wa chuma, jiliwa na kipande cha nondo.

Kosa linalotokea mara kwa mara

Tuliwahi kukagua somo ambamo mwanachuo aliwaambia watoto, "Kandamizeni zaidi, chuma ni kigumu." Ubapa wa msumeno ulivunjika na mtoto akajikata kidole. Jeraha lilikuwa dogo, lakini fikra iliyobaki vichwani mwa watoto ilikuwa mbaya zaidi: kwamba chuma hushindwa kwa nguvu. Sivyo. Chuma hukatwa kwa mambo matatu: uthabiti, tonge la kadiri na mwendo unaofaa.

Hatua ya kwanza: Uthabiti

Funga nondo kwenye jiliwa, mahali pa kukatwa pakiwa karibu na taya. Mtoto mmoja akate kidogo, na wengine wasikilize. Kisha ivute nondo ichomoze kiasi cha shubiri mbili, akate tena. Itapiga kelele na kutetemeka, na meno yatarukaruka. Waulize watoto wenyewe sababu kabla ya kuwaeleza. Mashine ya mezani ina fremu nyepesi. Ikikutana na chuma hutetemeka mithili ya nondo hiyo iliyochomoza. Mashine za kiwandani hujengwa kwa chuma kizito cha kusubu ili zisitikisike.

Hatua ya pili: Tonge la kadiri

Mlaji wa ugali hujua kuwa tonge kubwa mno humkaba. Ndivyo lilivyo jino la msumeno. Lakini jino linalogusa tu bila kuuma nalo huharibika, kwa kuwa husugua, hupata moto na kuwa butu. Tuchukue mfano wa mashine ambayo kisu chake cha mviringo kina meno mawili na huzunguka mara 10,000 kwa dakika. Meno yatauma mara 20,000. Kisu kikisogea milimita 400 kwa dakika hiyo, kila jino litapata 400 ÷ 20,000, yaani milimita 0.02. Hilo ndilo tonge lake. Hesabu hii ya kugawanya yawezwa na darasa la saba.

Hatua ya tatu: Mwendo

Hapa tutumie mzingo wa duara. Kisu chenye kipenyo cha milimita 6 kina mzingo wa 3.14 × 6, yaani milimita 18.84. Kikizunguka mara 10,000, ukingo wake huenda mita 188.4 kwa dakika. Msumeno wa mkono, ukisukumwa mara 45 kwa dakika na kila mara ukienda milimita 200, hukata kwa mita 9 tu. Kisu cha kawaida cha kukatia kisicho cha karbidi (HSS) huvumilia mita 30 hivi kwa dakika kikikata chuma laini. Kikizidishiwa mno huungua. Waulize watoto: tukitumia kisu cha milimita 3, itakuwaje? Watapata mita 94.2. Ndiyo maana wenye mashine hizi huchagua kisu chembamba, tena cha karbidi, ambayo hustahimili joto zaidi.

Jibu la swali

Basi jibu ni hili: yawezekana, lakini kwa kina kidogo kidogo, kwa kisu chembamba na kwa kazi ndogo. Kompyuta huongoza njia ya kisu tu. Haiongezi uthabiti wa mashine. Hata mashine ya kwanza ya kuongozwa kwa tarakimu, iliyoonyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, kwa utepe uliotobolewa, ilikuwa mashine kubwa ya karakana.

Tahadhari

Anayekata avae miwani ya kukinga macho, na watazamaji wakae mbali kidogo. Meno ya msumeno yaelekee mbele. Ukandamize wakati wa kusukuma, ulegeze wakati wa kurudisha. Chembe zifagiliwe kwa brashi, kamwe zisipulizwe kwa mdomo wala kupanguswa kwa kiganja. Kingo za kipande kilichokatwa zilainishwe kwa tupa kabla hakijapitishwa mikononi mwa watoto.

Mwishoni, mrudie mtoto aliyeuliza na umwambie alieleze darasa kwa maneno yake mwenyewe. Akitaja kutetemeka, tonge na mwendo, amekwisha kuielewa mashine ambayo hajapata kuigusa.