Kiyoyozi Kikiwashwa na Motokaa Ikatetemeka

Umesimama katika foleni ya Dar es Salaam, jua la saa nane lawaka, watoto watokwa na jasho. Wawasha kiyoyozi. Mara usukani watetemeka mikononi, na injini yataka kuzimika. Ukikizima kiyoyozi, injini yatulia. Wengi hapo husema, "Kompresa imekufa," wakanunua nyingine kwa fedha za karo. Ngoja kwanza.

Katika motokaa nyingi za petroli, kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na mkanda utokao kwenye injini. Motokaa ikisimama, injini huzunguka kiasi cha mara 600 mpaka 900 tu kwa dakika, na nguvu zake ni chache. Hapo ndipo inapotwishwa mzigo wa pili. Injini nzima huongezewa hewa na petroli kidogo, ikauchukua mzigo huo bila taabu. Injini yenye kasoro hulemewa. Basi mara nyingi kiyoyozi hakiugui. Chafichua tu udhaifu wa injini.

Yakupasa kuchunguza kwa utaratibu. Vuta handibreki, usiwe na gia, na mikono ikae mbali na mkanda na feni.

Kwanza, sikiliza kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Injini ikitetemeka hata hivyo, fundi atazame plagi, koili, na mipira ya hewa iliyopasuka.

Pili, washa kiyoyozi na kutazama mshale wa mizunguko. Mshale ukitulia lakini bodi yatikisika, shuku mipira inayobeba injini. Mshale ukishuka mno, au ukipanda na kushuka, shuku mlango wa hewa, yaani throto, ambao huingiwa na masizi. Husafishwa kwa dawa yake, injini ikiwa imezimwa. Katika motokaa nyingine kompyuta huhitaji kufundishwa upya mzunguko wa taratibu baada ya kazi hiyo.

Tatu, tazama feni iliyo kwenye rejeta. Isipozunguka wakati kiyoyozi kinafanya kazi, joto la gesi halipati pa kutokea. Msukumo wake wapanda, na kompresa yazidi kuwa nzito. Dalili yake ni hii: motokaa ikienda mbio baridi ni nzuri, ikisimama baridi yapungua. Gesi iliyojazwa kupita kiasi nayo huongeza mzigo.

Kompresa yenyewe ishukiwe mwisho, hasa ikikwaruza au mkanda ukitoa harufu ya kuungua. Usifungue mabomba yake mwenyewe. Gesi ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, nayo yaweza kuunguza ngozi na macho kwa baridi.

Lakini usipuuze jambo hili. Injini ikizimika ukiingia njia panda, usukani huwa mzito, na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Mpaka itengenezwe, afadhali ufungue vioo, jasho litoke.

Ukifika gereji, mweleze fundi uliyoyaona, moja moja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi anayebahatisha hausikii uzito wa gharama zako. Kabla ya kulipia kompresa mpya, mwulize kwa upole: "Fundi, umepima nini?"